Mwezi Tunaouhesabu: Mwendo Wake, Mashimo Yake na Maji Yetu

Haya ni mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kisomo mbele ya wanakisomo waliohitimu, barazani Kilwa Kivinje, jioni moja mwezi ukiwa wa siku tano. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.

 

Mwenyekiti ameniomba nizungumze habari za mwezi. Ameniomba kwa sababu wiki iliyopita palitokea ubishi hapa hapa barazani. Mzee mmoja alisema watu hawakufika mwezini kamwe, ni maneno ya redio tu. Kijana mmoja akasema walifika, tena zamani. Wakapandishiana sauti. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anasuka ukili pale pembeni akasema: "Wamefika, hawakufika, mie inanihusu nini? Mie nataka kujua maji yatapwa saa ngapi."

Basi nimekuja kuwajibu wote watatu. Nitaanza na yule mama. Swali lake ndilo lililo karibu nasi, na mimi mwenyewe swali hilo nusura liniue.

Nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la saba juzi tu. Mjomba wangu alininunulia saa ya mkononi. Katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyekuwa na saa, na mimi nilitembea mkono mbele ili watu waione. Mama yangu mdogo alikuwa mchokoaji wa pweza. Hakujua kusoma hata herufi moja. Siku ya kwanza nilipomfuata mwambani ilikuwa siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Maji yalipwa kabisa karibu na saa saba mchana. Tukachokoa mpaka saa nane kasorobo, tukarudi ufukoni maji yakiwa chini ya magoti. Nami nikaweka kichwani mwangu kwamba mtu anaweza kukaa mwambani mpaka saa nane kasorobo.

Siku kumi na moja baadaye tukaenda tena. Safari hii mwezi ulikuwa umeandama. Tulifika mwambani saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tano, mama mdogo aliinua kichwa, akatazama mkondo ulio kati ya mwamba na ufuko. Akasema, "Mwanangu, maji yamegeuka. Twende." Nikatazama saa yangu. Nikamwambia, "Bado mama, tuna muda mrefu." Akasita. Alichokijua alikijua, lakini aliona mimi ndiye niliyesoma na mimi ndiye mwenye saa. Akainama tena akaendelea kuchokoa. Ndugu zangu, kule kuinama kwake kunaniuma mpaka leo.

Ilipofika saa sita na robo hata mimi nikaona mambo si mambo. Mnajua wenyewe, maji hayakufuati kutoka mbele tu. Yanazunguka, yanaujaza mkondo ulio nyuma yako wakati mwamba bado mkavu. Tulipoingia mkondoni yalikuwa kiunoni. Hatua ishirini zaidi, kifuani. Mama mdogo hakujua kuogelea. Mkondo ukamnyanyua, pakacha la pweza likaenda zake, nami nikashika pindo la kanga yake, na hilo pindo tu. Wavuvi wawili wenye mtumbwi ndio waliotutoa. Alipolazwa mchangani akatapika maji ya chumvi, hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Leo mwezi mosi. Mwezi mosi maji hupwa saa nne."

Saa yangu ilikuwa sahihi kabisa, haikukosea hata dakika. Niliyekosea ni mimi, kwa sababu nilitumia saa ya jua kupima kitu kinachokwenda kwa mwezi.

Sasa hebu tuutazame huo mwendo wa mwezi.

Mwezi unaizunguka dunia. Hili mnaweza kuliona kwa macho yenu bila kitabu. Mwezi mosi mnauona mwembamba magharibi, jua limezama hivi punde, nao unalifuata upesi. Siku ya saba, jua linapozama, mwezi uko juu, karibu na utosi. Siku ya kumi na nne au kumi na tano, jua linazama huku na mwezi unatoka kule mashariki. Kila siku mwezi umesogea kuelekea mashariki. Ndiyo maana kila siku unachelewa kutoka, kwa wastani dakika 50.

Mwezi wenyewe hauna mwanga. Unamulikwa na jua kama ukuta unavyomulikwa. Jaribuni usiku huu nyumbani. Washeni taa moja chumbani, hiyo ndiyo jua. Kichwa chako ndicho dunia. Shika dafu kwa mkono ulionyoosha, ulinyanyue juu kidogo ya kichwa, hilo ndilo mwezi. Likiwa upande wa taa, unaona upande wake wenye giza tu. Hiyo ndiyo hali ya mwezi kabla ya kuandama. Geuka polepole na dafu lako. Kwanza utaona ukingo mwembamba umepata mwanga, halafu nusu, halafu taa ikiwa mgongoni mwako, dafu zima linang'aa. Endelea kugeuka, mwanga unapungua tena mpaka unakwisha. Mwezi haukatwi wala hauliwi na kitu. Ni sisi tunauona upande huu au ule.

Mwezi unamaliza mzunguko mmoja kwa siku 27 na saa kama 8. Mtaniuliza, mbona sisi tunahesabu 29 au 30? Kwa sababu wakati mwezi unazunguka, dunia nayo haikukaa kitako. Inalizunguka jua, na katika siku hizo imesogea. Mwezi unahitaji siku mbili zaidi kulifikia jua tena. Kwa hiyo kutoka mwandamo mpaka mwandamo ni siku 29 na nusu, na dakika kidogo. Nusu siku haiandikwi katika hesabu, ndiyo maana mwezi huu unakuwa na siku 29 na ule 30. Miezi 12 ya namna hiyo inafanya siku 354. Mwaka wa jua una 365. Tofauti ni siku 11, na hizo ndizo zinazoirudisha Ramadhani nyuma kila mwaka, mara tunafunga wakati wa kusi, mara wakati wa kaskazi. Habari ya nani kauona mwezi na wapi, hiyo nawaachia masheikh.

Turudi kwa maji.

Mwezi unaivuta dunia. Kila kitu kikubwa kinavuta vitu vingine, ndiyo maana ukirusha nazi juu inarudi chini. Lakini mvuto unapungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Maji yaliyo upande wa dunia unaoelekea mwezi yanavutwa zaidi, kwa sababu yako karibu. Ardhi ya katikati inavutwa kiasi. Maji ya upande wa pili, nyuma ya dunia, yanavutwa kidogo kuliko yote. Basi haya ya mbele yanatangulia na yale ya nyuma yanaachwa. Bahari inavimba pande mbili, mbele na nyuma. Dunia inapojizungusha, pwani yetu inapita kwenye uvimbe mmoja, kisha kwenye wa pili. Ndiyo maana maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka maji makavu mpaka maji makavu mengine ni kama saa 12 na dakika 25. Mara mbili ya hizo ni saa 24 na dakika 50. Mmeziona zile dakika 50? Ni zile zile za mwezi kuchelewa.

Jua nalo linavuta maji. Ni kubwa mno, lakini liko mbali, hata nguvu yake juu ya bahari haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, jua na mwezi wako upande mmoja, wanavuta pamoja. Mwezi unapokuwa mpevu, mmoja yuko huku na mwingine kule, na kwa vile bahari inavimba pande zote mbili, bado wanasaidiana. Hapo ndipo tunapata bamvua. Huku pwani ya kusini maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na makubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Mwezi ukiwa nusu, siku ya saba na ya ishirini na mbili, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule. Wanapingana. Hayo ndiyo maji mafu, yanasogea mita moja hivi, na mwamba wa mbali hautoki.

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa anasema falaki bila kujua jina lake. Kwetu bamvua hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na tena saa nne au saa tano usiku. Ni hivyo kila bamvua, mwaka huu na mwaka ujao, kwa sababu kila bamvua mwezi na jua wamekaa namna ile ile. Hili watu wa Songosongo, wa Kisiwani na wa Mchinga wanalijua vizuri. Na wavuvi wa dagaa wanaijua hesabu nyingine. Wao wanatafuta giza. Taa yao inawaita dagaa usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, dagaa hawaisogelei taa, na wavuvi wanashona nyavu zao. Mvuvi wa dagaa anaufurahia mwezi ukiwa haupo.

Sasa wako watu wanaoogopa kupatwa kwa mwezi. Tarehe 7 Septemba 2025 wengi wetu tuliona. Saa mbili na nusu usiku mwezi mzima ulikuwa umefunikwa, ukawa mwekundu kama udongo wa kufinyanga, mpaka saa nne kasoro dakika 8. Wengine waliswali, na hilo ni jema. Wengine walisema kuna nchi itaangamia. Ndugu zangu, ule ulikuwa ni uvuli wetu sisi. Dunia ilipita katikati ya jua na mwezi, kivuli chake kikaangukia mwezini. Wekundu ulitokana na mwanga kidogo uliopinda ukipita katika hewa ya dunia, ni ule ule wekundu wa jua linapozama. Hata tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likawa kama pete kule Rujewa, Mbeya, na huku pwani tukaliona limemegwa, ilikuwa ni mwezi umepita mbele ya jua. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo. Mara nyingi mwezi unapita juu au chini ya kivuli. Wanafalaki wanaweza kuijua tarehe na dakika yake miaka mingi kabla. Ingekuwa ni jambo la kuja ghafla tu, wangewezaje kuliandika kabla halijaja?

Tuingie mwezini kwenyewe sasa.

Mmewahi kugundua kwamba mwezi unatuonyesha uso mmoja tu? Mabaka yale yale, mwaka nenda mwaka rudi. Nilipokuwa mtoto niliambiwa ni mtu kabeba kuni. Watu hudhani mwezi haujizungushi. Unajizungusha! Fikirini mchezaji anayewazunguka wapiga ngoma huku uso wake ukiwaelekea wao daima. Wapiga ngoma hawauoni mgongo wake. Lakini aliyekaa nje ya duara anamwona mara uso, mara ubavu, mara mgongo. Akimaliza duara moja, amejigeuza mara moja. Mwezi unacheza hivyo hivyo. Mgongo wake haukuonwa na binadamu yeyote mpaka Oktoba 1959, chombo cha Warusi kilipopita nyuma na kupiga picha. Na mwezi wa Juni 2024 chombo cha Wachina kisichokuwa na mtu kilileta udongo wa huko nyuma, karibu kilo 2.

Yale mabaka meusi zamani watu wa Ulaya waliyadhani ni bahari, wakayapa majina ya bahari, na majina yamebaki. Hakuna hata tone la maji ndani yake. Ni nyanda za mawe meusi yaliyokuwa uji wa moto, yakatoka chini yakajaza mabonde, yakapoa. Mengi yana umri zaidi ya miaka bilioni 3. Sehemu nyeupe ni vilima vya zamani zaidi, na vimejaa mashimo.

Mashimo hayo Mwitalia Galileo Galilei aliyatazama kwa darubini mwaka 1609, akaona kumbe mwezi si sahani laini, una milima na mashimo kama nchi. Lakini yalitoka wapi? Wataalamu wengi walidhani ni volkano zilizozimika, kama shimo la Ngorongoro, ambalo kweli ni volkano iliyobomoka. Haikuwa hivyo. Mashimo ya mwezi karibu yote yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani.

Mawe kutoka angani si hadithi. Nendeni Mbozi, mkoa wa Songwe, mtakikuta kimondo kimelala kilimani, chuma kitupu, urefu wake kama mita 3, uzito wake zaidi ya tani 10. Nyumbani chukueni sinia, jazeni jivu laini, mwangushie kokoto kutoka juu. Litabaki shimo la duara lenye ukingo ulioinuka, na jivu litaruka pembeni. Mwezini jiwe linafika kwa mwendo wa kilomita nyingi kwa kila sekunde moja, halichimbi tu, linalipuka. Ndiyo maana shimo huwa pana mara nyingi kuliko jiwe lenyewe. Liko moja linaitwa Tycho, upana wake kilomita 85. Mwezi mpevu unapotoka, tazameni upande wa kulia, mwenye darubini ndogo ataona doa jeupe na mistari myeupe iliyotawanyika kama jivu lililoruka.

Mtauliza, mbona dunia haina mashimo mengi hivyo? Ilipigwa sana nayo. Lakini huku kuna mvua, mito, upepo, miti, na jembe la mkulima. Vyote vinafukia. Mwezini hakuna hewa, hakuna mvua. Shimo likichimbika linakaa miaka mamilioni. Hata nyayo za watu waliotembea huko zipo mpaka sasa. Na pasipo hewa hapana sauti. Mwadhini angeadhini na mtu aliye hatua mbili asimsikie. Mchana wa mwezini unadumu karibu siku 15 zetu, na joto lake linapita lile la maji yanayochemka. Usiku nao ni siku kama 15, baridi isiyosemeka. Gunia la kilo 60 huko ungelibeba kama la kilo 10. Hilo wachukuzi wa bandarini wangelipenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niupende mwezi zaidi. Wanafalaki wanayapa mashimo ya mwezi majina ya watu. Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa Kisiwani, hapo ng'ambo tu. Akaandika kwamba Kilwa ni mji mzuri, umejengwa vizuri, na akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Katika mwezi liko shimo linaloitwa Ibn Battuta. Upana wake kama kilomita 11, liko katika uwanda mweusi unaoitwa Bahari ya Rutuba. Kwa hiyo mtu aliyetembea Kilwa, jina lake limeandikwa mwezini.

Liko na lingine. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga. Akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe dhahabu kwa mfalme wa Ureno, na mwaka 1505 Wareno wengine wakaja wakaupora mji. Vasco da Gama naye kapewa shimo mwezini, tena pana, zaidi ya kilomita 80! Aliyekuja kwa salamu kapewa kishimo, aliyekuja kwa mizinga kapewa shimo kubwa. Mimi naona hawakupima vizuri. Lakini lake liko ukingoni kabisa, halionekani sawasawa hata kwa darubini, na la Ibn Battuta liko mbele yetu. Hapo roho yangu inatulia kidogo.

Bado nina deni la yule mzee wangu. Mzee, kwa heshima yako, watu walifika. Mwezi uko mbali nasi kilomita 384,400. Basi likiondoka Kilwa likaenda kilomita 60 kwa saa, usiku na mchana, lisisimame hata Nangurukuru kwa chai, litafika baada ya siku 267. Mama akishika mimba siku basi linapoondoka, atajifungua linapokaribia kufika. Wamarekani walitumia siku nne. Walitua tarehe 20 Julai 1969, saa tano na robo usiku kwa saa zetu, mwezi wa siku ya sita ukiwa huku kwetu unaelekea kuzama. Neil Armstrong alishuka ngazi kukaribia saa kumi na mbili alfajiri ya tarehe 21, akafuatwa na Buzz Aldrin. Walitua katika Bahari ya Utulivu, ambayo imepakana na ile Bahari ya Rutuba ya Ibn Battuta. Mpaka Desemba 1972 watu 12 walikuwa wametembea mwezini.

Utasema, mwalimu, hayo umesoma tu. Kweli nimesoma. Lakini walirudi na kilo 382 za mawe, na wataalamu wa nchi nyingi wameyapima. Hayana maji kama mawe yetu, na yana vishimo vidogo sana vilivyochimbwa na vumbi la angani, ambavyo jiwe la duniani haliwezi kuwa navyo kwa sababu ya hewa yetu. Wamarekani waliacha huko pia vioo maalumu. Wataalamu wanapiga mwale wa mwanga kutoka duniani, unagonga kioo, unarudi baada ya sekunde mbili na nusu. Kwa njia hiyo wamegundua kuwa mwezi unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Na Warusi, waliokuwa wakishindana nao, wangeshangilia mno kama wangewakamata wanadanganya. Hawakusema neno. Mzee, naona unacheka. Nakushukuru.

Hebu sasa tokeni nje kidogo. Tazameni magharibi. Mwezi wetu wa leo wa siku tano umelala kama mtumbwi, sivyo? Upande wa chini ndio unaolielekea jua lililozama, ndio wenye mwanga. Katika ule mwanga mnaona baka la kijivu? Humo ndimo ilimo Bahari ya Rutuba. Shimo lenyewe hamtaliona kwa macho, ni dogo, linataka darubini nzuri. Lakini mahali pake ni hapo.

Haya, na wewe mama, umesema unataka kwenda mwambani kesho. Tuhesabu pamoja, chukua daftari. Mwezi mosi maji hupwa lini? Weka saa nne na robo. Kesho ni mwezi sita, maana yake siku tano zimepita. Dakika 50 mara tano? Ndiyo, 250. Saa ngapi hizo? Saa nne na dakika 10. Ongeza juu ya saa nne na robo. Umepata saa nane na dakika 25 mchana. Vizuri sana. Ila hizo 50 ni wastani. Karibu na bamvua maji huchelewa kwa dakika chache kuliko hizo, karibu na maji mafu huchelewa zaidi, kwa hiyo usiitegemee dakika, utegemee na macho yako, na mkondo ukianza kurudi, ondoka.

Lakini mama, mwezi sita maji yanaelekea kufa. Mwamba wa mbali hautatoka kesho, utarudi na pakacha tupu. Ngoja mwezi kumi na tano au kumi na sita, nenda asubuhi, uwe mwambani saa tatu, na saa tano uwe umegeuka.